Mlango wa Mbambakofi Kwenda Hamburg: Wapi Kibali Kinahitajika na Wapi Hakihitajiki

Swali

Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa milango na makasha, karakana yangu iko Wete. Nimepata mteja wa Hamburg anayetaka mlango mmoja wa mbambakofi wenye fremu na nakshi kamili, makasha mawili ya mbambakofi yenye misumari ya shaba, na vijisanduku sita vya mpingo vya kuwekea vito. Juu ya hayo ameniomba nimtilie na vipande vya mpingo vitakavyobaki, ana rafiki yake anatengeneza klarineti. Yeye ananiambia bila kibali cha CITES mzigo wote utakamatwa bandarini kwao. Wakala wangu wa forodha anasema CITES ni mambo ya pembe za ndovu, mbao hazihusiki. Nimshike nani? Na kweli miti hii inakwisha, au ni maneno ya Wazungu ya kutubania riziki?

Jibu

Wa alaykumu salaam, fundi. Nianze na unalolisubiri: mlango, makasha na vijisanduku vyako vinaweza kuondoka bila kibali cha CITES, kwa masharti nitakayoyaeleza. Vile vipande vya mpingo haviondoki bila kibali, hata kimoja, hata ukivitoa bure. Kwa hiyo mteja amekosea kwa sehemu kubwa ya mzigo na kupatia kwa sehemu ndogo. Wakala wako amepatia kwa bahati, kwani sababu aliyoitoa si sababu. Wakala anayekwambia CITES ni ndovu tu, mnywe naye chai kisha utafute mwengine.

CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kazi 1975, na Tanzania ikauridhia 1979. Watu wetu waliusikia zaidi 1989, pale ulipoifungia biashara ya pembe, ndipo jina lake likaganda kwenye ndovu. Lakini orodha zake zina zaidi ya spishi 40,000 na nyingi mno ni mimea. Hata udi unaofukizwa kwako, ukiwa ni udi wa kweli wa mti wa Aquilaria kutoka Asia, umo. Msafiri anayerudi na udi wake wa matumizi, mkataba unamwachia kilo 1 ya vipande, mililita 24 za mafuta na tasbihi mbili. Akizidisha hapo anahesabiwa vyengine. Sasa ikiwa udi wa kwenye chetezo umetajwa kwa kilo na kwa mililita, usitarajie mlango wa futi nane uwe umesahauliwa.

Orodha za mkataba ziko tatu na huitwa Viambatisho. Kiambatisho cha kwanza ni cha viumbe vilivyofikia pabaya, na biashara yao imefungwa. Cha pili ni cha vile ambavyo vitafika huko visiposimamiwa: biashara ipo, ila kwa kibali. Cha tatu ni pale nchi moja inapoomba wenzake waisaidie kulinda kitu chake. Mpingo na mbambakofi yote imo katika cha pili, maana yake hakuna aliyekataza kuiuza. Ukisikia mtu bandarini anasema "mpingo marufuku", ujue ama hajui ama anataka kitu.

Namna mpingo ulivyoingia humo inafaa uijue, maana ndiyo inayoeleza masharti yake. Mwaka 1994 Kenya na Ujerumani zilipendekeza mpingo peke yake uingizwe katika Kiambatisho cha pili, na pendekezo likaondolewa kabla ya kupita. Ukapita muda mrefu. Kisha ikaja pupa ya samani za mbao nyekundu huko China, na miti ya jamii ya Dalbergia ikafyekwa kuanzia Asia ya Kusini-Mashariki hadi Madagaska na Afrika Magharibi. Maofisa wa forodha wakawa hawana namna: ubao ukishapasuliwa, Dalbergia huyu na yule hutofautishwa na mtaalamu mwenye lenzi, na mwenye magendo huandika jina la yule asiyelindwa. Mkutano wa Johannesburg wa 2016 ukaamua kuitia jamii nzima, na uamuzi ukaanza kazi tarehe 2 Januari 2017. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, basi ukabebwa na ndugu zake.

Hapo wapiga muziki wakalia. Mtu ana klarineti yake ya miaka ishirini, anakwenda kupiga nchi nyengine, anaulizwa kibali. Mkutano wa Geneva wa 2019 ukalegeza, na tangu tarehe 26 Novemba 2019 masharti ya mpingo ni yale yaliyomo katika ufafanuzi unaoandikwa #15. Kila mti kwenye orodha una ufafanuzi wake wa namna hii, na watu wengi, wakala wako akiwa mmoja wao, husoma jina la mti wakaacha ufafanuzi. #15 inasema sehemu zote za mti zinahitaji kibali isipokuwa majani, maua, chavua, matunda na mbegu. Isipokuwa ala za muziki zilizokamilika pamoja na sehemu na vifaa vyake vilivyokamilika. Na isipokuwa vitu vilivyokamilika ambavyo mbao zake za mti huo hazizidi kilo 10 kwa shehena.

Kilo 10 hizo ndizo zinazowatia watu jasho, na kwako zinagusa kweli. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Mita moja ya ujazo hufika kilo 1,200 na kupita. Mchemraba wa mpingo wa sentimita 20 kila upande ni kilo 9.6 kwa hesabu hiyo ya chini, na mpingo uliokaza zaidi utavuka 10. Kijisanduku cha sentimita 25 kwa 18 kwa 12, chenye kuta za milimita 8, kinakuja kama kilo 1.7. Viwili haviumizi kichwa. Sita, jumla ni kilo 10 na ushei. Ukimwuliza mtu asiyesoma hadi mwisho atakwambia umepita kiwango, punguza kimoja.

Hupunguzi. Viambatisho vyenyewe vimeeleza maana ya "kilo 10 kwa shehena": kipimo ni mbao zilizomo katika kila kitu kimojakimoja, wala si jumla ya mzigo. Shehena ni mzigo wote uliomo katika hati moja ya meli au ya ndege, hata ukiwa na makontena mangapi. Ila ndani yake kila kijisanduku kinapimwa peke yake. Vijisanduku sita vya kilo 1.7 vimesamehewa vyote. Kinyago kimoja cha kilo 14 hakikusamehewa, hata kikisafiri peke yake. Nakushauri upime kila kijisanduku, uandike uzito wake katika ankara mstari kwa mstari, na umpe mteja maelezo hayo ya Viambatisho ayachape aambatanishe. Ofisa wa Hamburg hawezi kuwa amekariri kila ufafanuzi, na wewe hutakuwapo kumweleza.

Mbambakofi ni hadithi nyengine na ya karibuni zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Afzelia quanzensis, wenzetu wa Bara wanauita mkongo. Uliingia katika Kiambatisho cha pili kwa uamuzi wa mkutano wa Panama wa Novemba 2022, ukaanza kubana tarehe 23 Februari 2023. Iliingia jamii yote ya Afzelia ya Afrika, na siku hiyohiyo wakaingia Pterocarpus wa Afrika, ambamo mna mninga, na Khaya, ambamo mna mkangazi. Kwa hiyo karibu kila mbao ngumu ya thamani unayoinunua kutoka ng'ambo ya pili imeguswa. Msaji haumo. Mfenesi haumo. Mvule haumo.

Lakini ufafanuzi wa mbambakofi ni #17, na huu unataja vitu vitano tu: magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia (zile karatasi nyembamba za mbao), plaiwudi, na "mbao zilizobadilishwa". Hiki cha mwisho kinawatisha mafundi, kwani nani anabadilisha mbao kuliko fundi wa nakshi? Tulia. Mkataba umeifunga maana yake kwenye namba ya forodha 44.09: mbao zilizopigwa umbo moja mfululizo katika urefu wake, kama zile za ulimi na mtaro za sakafu na dari. Mlango na fremu yake ni 44.18. Kasha ni samani, 94.03. Vijisanduku vya vito ni 44.20. Hakuna kati ya hivyo kilichotajwa na #17, kwa hiyo mlango wako wa mbambakofi, na mfaa wake, ule mti wa katikati, na yungiyungi na minyororo yote utakayoichonga, hauhitaji kibali cha CITES.

Kuna mtego mmoja. Milango mikubwa husafirishwa imefunguliwa, fremu mbali na mbao mbali, ili nafasi isipotee. Kisheria mlango kamili uliofunguliwa ni mlango bado. Lakini ofisa akifungua kreti akaona miti minne mirefu iliyopigwa nakshi ya mfululizo ukingoni, na hati imeandikwa "mbao za mbambakofi zilizochongwa", hapo umejiingiza mwenyewe kwenye 44.09. Andika "mlango mmoja kamili pamoja na fremu, umefunguliwa kwa usafiri", tia namba ya 44.18, tia picha ya mlango ukiwa umesimamishwa karakanani kabla hujaufungua, na kila kipande kipige namba inayolingana na picha. Usitie ubao hata mmoja wa akiba. Ubao wa akiba ni mbao iliyopasuliwa, na huo unataka kibali.

Utaona basi sheria hii inaangalia umbo kuliko inavyoangalia mti. Mimi naipenda, na nitakwambia kwa nini. Gogo au ubao ukiondoka, kazi na faida inakwenda kufanyika kwengine na hapa hubaki shina lililokatwa. Mzigo mkubwa wa biashara inayomaliza misitu ni magogo na mbao, wala si makasha ya Wete. Waliouandika ufafanuzi walilenga huko. Fundi anayemaliza kazi yake nyumbani amefunguliwa njia pana kuliko mfanyabiashara wa mbao, jambo ambalo si la kawaida katika sheria za biashara za dunia. Tatizo ni kwamba mlango huohuo unaweza kuwa umetokana na mti ulioibiwa, na CITES haitauona kabisa. Nitalirudia hilo.

Vile vipande vya klarineti sasa. Ala iliyokamilika imesamehewa, sehemu ya ala iliyokamilika imesamehewa, lakini kipande cha mpingo kilichokatwa ili kije kuwa klarineti bado ni mbao. Kinahitaji kibali cha kusafirisha nje kutoka mamlaka ya CITES ya Tanzania, na kabla hakijatolewa lazima mambo mawili yathibitishwe: kwamba mti ulipatikana kihalali, na kwamba kuutoa hakuidhuru spishi huko porini. La pili ni kazi ya wanasayansi wa serikali, si yako, lakini linakula muda. Kibali kikitoka, muda wake hauzidi miezi sita. Juu yake mteja wako lazima awe na kibali cha kuingiza, kwa sababu Umoja wa Ulaya unataka vyote viwili hata kwa Kiambatisho cha pili; kwa Ujerumani anakiomba kwenye shirika la serikali la uhifadhi lililoko Bonn, linaloitwa Bundesamt für Naturschutz. Na akiombe kabla mzigo haujaondoka, kwani vibali vya baada ya tukio havitolewi kirahisi.

Yote hayo kwa makombo ya karakana? Mtu wa klarineti hataki makombo. Anataka vipande vilivyonyooka nyuzi zake, visivyo na fundo wala ufa, vilivyopakwa nta kwenye ncha ili visipasuke, vikakaushwa polepole kwa muda mrefu. Hata viwandani, gogo la mpingo likipasuliwa kwa ajili ya ala, kinachofaa ni karibu sehemu moja ya kumi, kwingine kote ni nyufa, mashimo na ule ubao mweupe wa nje. Vipande vyako vilivyokaa jua la karakana havitamfaa rafiki yake, na vitautia doa mzigo mzima. Mwambie mteja hapana. Kwa vipande hivyo chonga vishikio vya visu, tasbihi, vifungo. Kazi iliyokamilika itapita.

Tuje kwenye chimbuko, ambako nataka usome polepole. Kusamehewa kibali cha CITES hakukusamehe swali la ulikoupata mti, na hapo ndipo mteja wako alipootea jambo la kweli ingawa amelipa jina siyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2023 sheria ya bidhaa zinazotokana na ufyekaji wa misitu. Mbao imo, milango imo, samani imo. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini itakapobana, anayeingiza bidhaa atatakiwa aonyeshe mti ulikatwa wapi, hadi alama za ramani za mahali penyewe, kwamba ulikatwa kwa mujibu wa sheria za nchi, na kwamba ardhi ile haikufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mzigo wa kujibu ni wake, majibu yako kwako. Usipokuwa nayo atanunua kwa mwengine.

Na wewe ukiwa Wete huna msitu wa mbambakofi, una yadi ya mbao. Mbao zako zinashuka kutoka Tanga au zinapitia Unguja. Watu hudhani kuvuka bahari ni kuingiza kutoka nje. Kwa CITES siyo, aliyejiunga na mkataba ni Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo Tanga hadi Wete ni safari ya ndani. Kwa sheria za misitu lakini ni nyumba mbili. Bara wana Sheria ya Misitu ya 2002 na wakala wao wa huduma za misitu, TFS. Sisi tuna sheria yetu Namba 10 ya 1996 na Idara ya Misitu. Mti uliovunwa kihalali Bara una leseni ya uvunaji, una risiti ya malipo ya serikali, umegongwa nyundo, na unasafiri na hati ya usafirishaji, ile TP. Ukishuka kwetu unakaguliwa na kupata stakabadhi za huku.

Kasoro ni kwamba TP hubaki kwa mwenye yadi. Jahazi limeleta mbao mia tatu, wewe umenunua ishirini, unapewa risiti imeandikwa "mbao 20" na saini. Karatasi hiyo haisemi kitu. Kabla hujalipa, mwombe nakala ya TP, na juu ya risiti yako aandike namba ya TP hiyo, jina la mti, idadi na vipimo. Iangalie TP yenyewe: tarehe zake zinakubaliana na siku jahazi lilipofika? Imetaja mbambakofi au mkongo, au imetaja mti wa bei ndogo halafu yadini kuna mbambakofi? Imetaja msitu au kijiji? Mwenye yadi akianza kuzunguka maneno, mbao hizo hata zikiwa nzuri namna gani si za mzigo huu. Wapemba hatuhitaji kufundishwa hili, tumekulia kwenye karafuu. Kila mtu hapa anajua gunia la halali na gunia la magendo yananukia sawasawa, kinachotofautisha ni stakabadhi.

Kuna na mbao zinazotoka Msumbiji. Hizo zimetoka nchi nyengine, basi mbao iliyopasuliwa ya mbambakofi ya huko ilitakiwa iingie kwetu na kibali cha CITES cha Msumbiji. Yadi nyingi hazitakuonyesha. Kaa mbali nazo kwa kazi ya nje.

Uhakikishe pia kwamba ulichonunua ndicho. Chukua kipande, ncha yake ichonge safi kwa patasi iliyonolewa, ilowanishe kidogo, uitazame kwa lenzi ya sonara. Mbambakofi ina vitundu unavyoviona hata kwa jicho, na kila kitundu kimezungukwa na rangi nyepesi iliyochongoka pande mbili, kama jicho lililochorwa wanja. Vitundu vyengine vimejaa unga mweupe au wa njano. Mkangazi hauna macho hayo. Mkaguzi wa Hamburg atafanya hivyohivyo, ila atafanya kwenye kasha lako. Ndiyo maana nawaambia mafundi watie ndani ya mzigo kijipande cha mbao ileile chenye namba ya kazi, cha ukubwa wa kiganja, ili akikate hicho aache nakshi. Kwa mbambakofi, maadamu ni kijipande cha sampuli kilichokatwa na kupigwa msasa kama kibao cha jina la fundi, kilichofungwa ndani ya kasha lenyewe, sijaona kikileta taabu.

Katika hati zote andika jina la kitaalamu. TP ikisema mkongo na ankara yako ikasema mbambakofi, Mjerumani atahesabu miti miwili.

Umeuliza kama miti inakwisha au tunabaniwa. Nitakujibu kwa kila mti peke yake. Mpingo haujakwisha Tanzania, bado upo Kilwa, Lindi na kwengine. Kinachokwisha ni mpingo ulionyooka wenye unene wa kufaa. Hukua kwa miaka 70 hadi 100 ndipo uvunwe. Mti mkubwa unastahimili moto, mche hauwezi. Ukichomwa kila kiangazi unaanza upya kila mwaka, na unaokua kwa taabu hiyo hutoka umepindapinda na moyo umeoza. Kenya walishafika mwisho wa njia hiyo: wachongaji wa vinyago wakahamia mwarobaini na mwembe kwa kuwa mpingo haupatikani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka katika daraja la wanaokaribia hatari.

Mbambakofi yetu, nikwambie kweli, si ndiyo iliyosababisha sheria ya Panama. Waliomalizwa zaidi ni ndugu zake wa Afrika Magharibi na Kati, ambao Ulaya huwajua kwa jina la doussié, na kwa kuwa mbao zao zinafanana wote wakafungwa kamba moja. Hapo una haki ya kunung'unika kidogo. Lakini usisahau yaliyotokea kusini mwa Bara baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji 2003: malori yakashuka, na ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ikakadiria kwamba serikali kuu na halmashauri zilipoteza hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kutokana na mbao. Hakuna Mzungu aliyetubania hapo. Tulijiibia, na mbao zilizovuka bahari zikawa milango mizuri upande wetu pia.

Huko huko Kilwa kuna mfano wa kinyume. Vijiji vilipimiwa misitu yao, vikasaidiwa na shirika linaloitwa Mpingo Conservation and Development Initiative, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, kile cha msitu unaosimamiwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kijiji kinahesabu miti yake, kinaamua ivunwe mingapi, kinauza, na pesa zinaingia mfuko wa kijiji. Mpingo wa huko unakuja na jina la kijiji na mahali penyewe kwenye karatasi, yaani majibu yote ambayo mteja wako ataulizwa. Ni ghali kuliko wa yadini. Kwa vijisanduku sita tofauti ya bei si kubwa, mwekee kwenye bei na umwambie kwa nini.

Mafundi wengi wakishasoma haya huuliza mbao za zamani, za nyumba zilizobomolewa. Mbao iliyopatikana kabla mti haujaorodheshwa, yaani kabla ya 2 Januari 2017 kwa mpingo na 23 Februari 2023 kwa mbambakofi, inaweza kupewa hati ya kuthibitisha hivyo, ikiwa una ushahidi. Mlango mzima wa kale usiuguse kwa biashara ya nje kabla hujawauliza watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Hata sheria ya Bara ya mambo ya kale ya 1964 imetaja wazi milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940.

Na ikiwa mbambakofi yenye karatasi itachelewa, usikubali mtu wa Konde akuuzie mvule kama njia ya mkato. Mvule haumo CITES, kweli, lakini kuukata na kuusafirisha hapa Pemba kunataka ruhusa ya Idara ya Misitu, na mvule mnene unaotokea upande ule bila karatasi kila mtu atauliza kama haukutoka msitu wa hifadhi wa Ngezi. Msaji wa shamba lenye mwenyewe, wenye stakabadhi, ni khiyari bora, na milango mingi ya Mji Mkongwe ni msaji.

La mwisho ni kreti, na hili nalo hukamata mizigo. Mbao za kreti lazima ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ndani ya moyo wa ubao, na kupigwa muhuri wa alama ya ngano wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wasisafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo. Kreti ya mbao za mwembe ulizopasua jana haina muhuri huo. Nunua kreti iliyokwishapigwa muhuri au tumia plaiwudi, na uiweke kwenye bei ya mteja tangu mwanzo, kabla hujaanza hata kuranda ubao wa kwanza.